Stepni aliinua pikapu, akapoteza wapakiaji wake

Saa mbili kasoro asubuhi, nyuma ya soko la mboga, dereva anayeitwa Stepni anafuta kioo ambacho tayari kinang'aa. Hana mzigo. Hatua ishirini kutoka alipo, akina mama wanne wanapakia kreti za nyanya kwenye pikapu ya mtu mwingine.

"Hao walikuwa wangu," anasema. "Miaka tisa."

Pikapu yake imekula chumvi nyingi. Mlango wa abiria unafunguka kwa ndani tu. Njia ya kwenda kwenye vibanda vya akina mama hao ni mawe matupu, na tumbo la gari lilikuwa linakwangua kila safari. Akaamua kuiinua.

Kwa miezi kumi na minne alitenga elfu kumi na tano kila wiki, mpaka zikatimia laki tisa. Alipiga hesabu ya kila kitu: springi, shokapu, mipira mirefu ya breki, ufundi.

"Hata soda ya fundi niliiandika!" Anacheka, kicheko kinakatika. "Urefu wa wateja wangu sikuuandika."

Akina mama hao hupakia wenyewe, maana kumlipa kuli ni kula faida yote. Kreti waliyokuwa wakiiweka usawa wa kiuno, sasa iliwabidi waipandishe hadi kifuani.

Asubuhi ya kwanza baada ya kuiinua, shangazi yake, muuza nyanya mwenzao aliyemletea wateja hao, alilizunguka gari mara mbili.

"Umetuletea ghorofa, baba. Ngazi iko wapi?"

"Vaeni viatu virefu, shangazi!" akajibu Stepni, na madereva wakaangua kicheko.

Kwenye kreti ya tatu, bega la shangazi likateguka. Nyanya zikamwagika. Akakaa chini, akishika mkono.

"Bora angenitukana," anasema Stepni. "Laki tisa nitazitafuta tena. Lile neno la viatu ndilo linaloniuma."

Wiki tatu sasa hajaenda kumjulia hali.

Fundi amemwambia inawezekana kuishusha nusu, kwa elfu themanini. Mawe yatagusa kidogo. Stepni amekubali, ila hataki nati zifungwe kabla shangazi hajasimama nyuma ya gari na kuonyesha mikono yake inafika wapi.

Jumamosi anakwenda kumwomba.

"Nitaanza na shikamoo," anasema, akikunja kitambaa. "Baada ya hapo, sijui."