Balbu Nyeusi ya Msimamizi

Wapo wanaosema kisasi hakifai. Hao hawajawahi kunyang'anywa benchi lao la kazi.

Miaka ya tisini nilikuwa fundi wa taa za nje za ndege, katika karakana moja Embakasi. Nilikuwa mwanamke pekee pale, na nilipanga chumba mtaa wa Pipeline. Kazi yangu ilikuwa kukagua taa za mabawa, za mkia, na zile kubwa za kutua. Balbu haifi ghafla jinsi watu wanavyodhani. Kioo huanza kuingia weusi kwa ndani, na uzi wake hulegea kama kamba ya nguo iliyoanikwa blanketi bichi. Ukiona hivyo, unapanga kuibadilisha mapema, ndege ikiwa nyumbani na spea ikiwa karibu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Msimamizi wetu, bwana mmoja wa mtaa wa Donholm aliyependa tai, hakuwa mtu wa kupanga. Siku moja nilimwonyesha balbu ya bawa la kushoto, kioo kimeshaingia weusi. Akaiwasha, akacheka mbele ya wenzangu.

"Mama, taa inawaka. Shida iko wapi?"

Ndege ikaondoka. Balbu ikafia uwanja wa mbali, giza likaingia, rubani akakataa kuruka, abiria wakalala kwenye viti. Mkubwa wa karakana alipouliza, msimamizi alininyooshea kidole. Eti mimi ndiye niliyekagua, na sikusema lolote. Nikaondolewa kwenye benchi, nikapewa ndoo na brashi nioshe vyuma vya grisi. Nilimchukia mtu yule hata sauti ya viatu vyake ilinikera.

Nilitaka benchi langu lirudi, na nilitaka alirudishe kwa mdomo wake mwenyewe.

Nafasi ikaja na wakwe zake. Binti yake alikuwa anaposwa, na stima ya mtaa wao ilikuwa ikipotea kila mara. Bwana yule akachukua taa ya kutua iliyokwisha kutolewa kwenye ndege, ili aitundike ndani ya hema, juu ya meza ya wageni, iwashwe kwa betri mbili za lori. Akaja kwangu bila haya.

"Fundi, njoo uniungie nyaya. Hizi taa ni wewe unazijua."

Nilikwenda. Kioo kilikuwa cheusi kama sufuria ya jikoni. Tena taa ya kutua imezoea kupozwa na upepo wa angani. Ukiitundika hemani ikawaka mfululizo, inajichoma yenyewe. Nilijua haitafika mwisho wa sherehe. Nikaunga nyaya, nikaiwasha. Akaiangalia kwa fahari.

"Itafika?"

"Taa inawaka, mzee. Shida iko wapi?"

Hakukumbuka hata kwamba maneno yalikuwa yake. Hilo liliniudhi kuliko yote.

Ndani ya kiondo changu nilikuwa na balbu nyingine, nayo imetolewa kwenye ndege, lakini kioo chake safi. Niliiomba stoo. Mimi ni mtu wa kupanga.

Jioni hema liling'ara. Wageni wakala, mkubwa wa karakana akiwa miongoni mwao, wakaimba, kisha msimamizi akasimama kuwajibu wakwe. Akajisifu kwamba nyumbani kwake kunawaka taa ileile inayoshusha ndege. Hakuimaliza sentensi. Giza likatuangukia, na upande wa wakwe mtu akapiga kelele, "Ndege imeanguka!" Kicheko kikazunguka hema.

"Fundi! Uko wapi? Tengeneza basi, mama, unaniaibisha!"

"Niko hapa, mzee, na balbu nyingine ninayo. Lakini kwanza mwambie mkubwa wetu, yuko hapo karibu nawe. Ile balbu ya bawa, nani alisema ibadilishwe?"

Mkubwa wa karakana akakohoa gizani. "Hebu sema," akamwambia.

"Ni yeye," msimamizi akanong'ona.

"Wazee huku nyuma hawajasikia," nikasema.

"Ni yeye alisema! Mimi ndiye nilikataa!"

Utamu ule sijauonja tena. Nikamkabidhi tochi animulikie, akasimama kando ya kiti nilichopanda, wakwe zake wakimtazama. Nilikaza skrubu polepole sana.

Jumatatu nilirudi kwenye benchi langu. Akina mama wa kanisani waliniambia nisamehe, nikawaitikia kwa adabu. Ile balbu nyeusi ya hemani nilikuwa nimeondoka nayo. Niliiweka pembeni ya benchi, pale ambapo msimamizi alilazimika kusimama kila asubuhi kutia sahihi kazi yangu. Mara moja aliniomba, kwa sauti ya chini, niitupe.

Niliipangusa vumbi kila siku mpaka alipostaafu.