Kigae Nilichokifanya Sahani ya Mandazi

Kosa ni langu, msinitafutie wa kulaumiwa. Nilimpoteza Wambui kwa sababu ya mandazi!

Miaka ile ya sabini nilikuwa nakaa Laini Saba, nafanya kazi kiwanda kimoja cha karatasi. Kazi yangu, kupima weupe. Unaweka karatasi kwa mashine, taa inaimulika, mshale unaonyesha mwanga kiasi gani umerudi. Karatasi iliyopakwa vizuri ule udongo mweupe wa kuing'arisha hutawanya mwanga sawasawa, mshale unapanda. Iliyopakwa ovyo, mshale unalala.

Lakini kila asubuhi lazima kwanza uweke kigae cheupe, uambie mashine, "Hii ndiyo mia, weupe kamili." Kigae hicho hakiguswi hata na kidole. Mimi nilikuwa nakula mandazi juu yake! Kilitosha mandazi mawili kabisa, sasa ningefanyaje? Kikaingia mafuta, kikaingia chai, kikawa rangi ya meno ya mvuta sigara. Na bado naiambia mashine, hiyo ni mia.

Basi, zikilinganishwa na uchafu huo, karatasi zote zikasomeka nyeupe ajabu. Meneja akanisifu. Huku mtaani nikaitwa Profesa, na mimi naitika, aki!

Babake Wambui, mwenye ploti Kawangware, alikuwa na kiduka cha kuchapa kadi. Posa yangu alikuwa ameikubali nusu. Akaagiza karatasi kwetu, nikampelekea mwenyewe. Mzee akainua moja juani, pale mlangoni.

"Kijana, hii ni ya manjano. Na udongo haujashika."

"Mashine imesema tisini na nane."

"Mimi naona na macho."

"Mzee," nikasema, mbele ya Wambui na wateja, "macho yako hayajapimwa."

Woi! Mdomo huu!

Hakugombana. Alilowesha kidole kwa mate, akasugua karatasi, akanionyesha kidole cheupe pe. "Na hiki je, kimepimwa?"

Wateja wakacheka. Wambui pia akacheka, na hapo ndipo nilijua nimekwisha.

Nilikisugua kile kigae kwa sabuni mpaka vidole vikauma. Ya nini tena?

Baadaye nikaletewa kadi ya harusi: Wambui na mwalimu mmoja wa Dagoretti. Mzee hatupi kitu, aliichapa kwa karatasi zangu zilezile! Nikaipima, safari hii na kigae safi. Sitini na moja.

Ndugu zangu, kabla hujabishana na mkwe, osha kigae chako. Kadi ninayo hadi leo. Imekuwa manjano tupu, lakini jina la bwana harusi bado linasomeka vizuri sana.