Mama Sindano Avipunguza Viti Uzito

Kwa miaka kumi na minane Mama Sindano alishona viti vya magari ya kifahari, yale yanayochomoka kama mshale, katika karakana yenye sakafu safi kuliko jikoni kwake. Ngozi aliijua kwa vidole. Mpe kipande akiwa amefumba macho, atakuambia kimetoka mgongoni au tumboni mwa ng'ombe.

Jumatatu moja injinia mkuu aliwakusanya mafundi wote mbele ya gari jipya lililosimamishwa juu ya mizani.

"Jamani, tumebakiza kilo kumi na nane za kupunguza," alisema. "Vioo tumevifanya vyembamba, boneti sasa mtu anainua kwa kidole. Ijumaa mteja anakuja kulijaribu. Anataka jepesi, lakini akiona ndani tumelipualipua, haligusi."

"Kiti kimoja kina kilo ngapi?" Mama Sindano akauliza.

"Ishirini na sita. Lakini viti tuviache, mama. Hivyo ndivyo vinavyomleta."

Aliitikia, ila neno lilikuwa limeshamwingia. Jioni alimkuta mumewe ametulia kwenye kiti chao cha kamba, na mto aliomshonea ameutupa chini.

"Baba watoto, mto wangu umekukosea nini?"

"Unanichemsha mgongo, mke wangu. Kamba zenyewe zinanishika vizuri, hazinifinyi popote."

Mama Sindano aliutupa mkoba mlangoni. Kisha akamwinua mzee wa watu, akakipindua kiti, akaanza kuvutavuta kamba moja moja.

"Sasa mimi nikae wapi?" mumewe akalalamika. Wapi! Hakusikilizwa.

Asubuhi yake alipasua kiti cha gari. Ndani mlijaa springi, vibati na sponji nene kama godoro. Akavitoa vyote, akabakiza fremu, akasuka juu yake mikanda imara kama ile ya usalama, akaifunika kwa sponji nyembamba na ngozi ileile. Cha kwanza kilibonyea, injinia aliyekubali kukijaribu akazama mpaka magoti yakamgusa kidevu. Cha pili kilikazwa mno, kikamrusha. Karakana nzima ikavunjika mbavu, na Mama Sindano akicheka kuliko wote huku akifumua. Alhamisi mchana viti viwili vikapanda kwenye mizani: kilo kumi na sita na nusu kila kimoja.

"Kumi na tisa!" injinia akapiga kelele. "Tumepunguza kumi na tisa!"

Ijumaa mteja alifika, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi. Aliketi, akajigeuza huku na huku, akapapasa mshono, akaondoka na gari. Alizunguka uwanja wa majaribio mara tano, Mama Sindano roho mkononi. Aliporudi, alishusha kioo.

"Nani ameshona hivi viti?"

"Mimi, mama."

"Basi panda, uone ulichokifanya."

Miaka yote hiyo hakuwahi kupanda hata gari moja kati ya aliyoyashonea. Akajifunga mkanda. Kwenye kona ya kwanza alifumba macho. Kwenye ya pili alihisi mikanda aliyoisuka ikimkumbatia mbavuni, ikimshikilia barabara, naye akafumbua.

"Ongeza, mama!" akapaza sauti. "Ongeza mwendo!"

Mwanamke asiye na maneno mengi akaangua kicheko, akakanyaga mafuta.

Jumatatu iliyofuata injinia aliagiza viti vya magari yote visukwe hivyo, na Mama Sindano awafundishe wenzake. Lakini Ijumaa ile alifika nyumbani sauti imemkauka kabisa, ikabidi amsimulie mumewe kwa mikono.