Mate ya Baraka

Mama yangu aliamka asubuhi moja kwake Tseikuru akakuta uso umelala upande wa kushoto. Jicho halifumbiki, chai inamwagikia kwenye leso. Daktari akasema si kiharusi, ni mshipa wa fahamu wa uso. Akampa dawa, nami nikamchukua akae kwangu Makueni, maana kazi yangu ni hiyo hiyo, kurudishia watu nguvu za misuli. Nilikuwa nimejifungua juzijuzi tu, mtoto wa kike, na nilimpa jina la mama.

Kwetu Ukambani nyanya humbariki mjukuu kwa kumtemea mate kidogo kifuani. Mama alikataa. Hata kumpakata alikataa.

“Haya mate yananitoka yenyewe kama ng'ombe,” alisema. “Hiyo si baraka, ni uchafu. Ngoja nipone.”

“Na usipopona?” nikamuuliza. Hospitalini wagonjwa hunisifu kwa upole. Nyumbani nafoka.

Nikajichukia siku nzima.

Kesho yake nikamketisha mlangoni penye mwanga.

“Kunja paji la uso. Fumba macho. Sasa nionyeshe meno.”

“Yapi? Haya mawili?”

Macho hudanganya kwa ugonjwa huu. Upande usiougua huvuta ngozi yote, ukadhani ule mgonjwa nao umesogea. Kwa hiyo nikashikilia shavu lake la kulia, lisilougua, kwa kiganja, lisisaidie, na kidole cha mkono wa pili nikakiweka kwenye pembe ya mdomo iliyolala.

“Fanya kama unataka kutema.”

“Ati kutema? Unanitega.”

“Fanya tu, mama.”

Akajaribu. Kwa macho sikuona kitu. Lakini chini ya kidole kikapita kitu chepesi sana, vile mtoto anavyocheza tumboni mara ya kwanza. Nikamwambia arudie. Kikapita tena.

“Msuli umeitika,” nikasema.

“Usinidanganye kwa sababu unanionea huruma.”

“Mimi? Si jana nilikufokea?”

Akanitazama kwa lile jicho lisilofumbika. Kisha akasema, “Niletee huyo wa jina langu.”

Nikamletea. Akamweka mapajani, akamfungua blanketi kifua kikawa wazi. Akakusanya midomo, lakini upande wa kushoto ukabaki wazi vilevile, na nikaona mikono yake inaanza kumrudisha mtoto kwangu. Nikamwahi. Nikaushika mdomo ule kwa vidole viwili, nikaufunga.

“Tema sasa.”

Akatema. Matone machache yakamwangukia mtoto kifuani, mengine yakanilowesha vidole.

“Na wewe umejichukulia yako,” mama akasema, mdomo bado umepinda.

Nikalia hapo hapo. Vidole sikuvifuta.