Nyumba ya Kinole Aliyoitaka Baba

Miaka ile biashara zilipofunguliwa, kila mwenye kichochoro Morogoro Mjini alifungua duka, na kila duka lilitaka kibao. Mchoraji nilikuwa mimi. Soda, saluni, mitumba, bucha, nilichora mpaka mkono ukachoka. Lakini alfajiri, kabla ya chai, ilikuwa yangu. Nilikaa uani na ubao wangu kuchora picha moja tu, nyumba yetu ya Kinole, na picha hiyo nusura initoe roho.

Aliyeitaka ni Baba. Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Mama alipofariki, wajomba hawakumfukuza Baba, hata kidogo, ila mwenyewe aliona amekuwa mgeni. Akashuka mjini kukaa kwangu. Kisha macho yakaanza kwenda. Daktari akasema ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi.

"Mwanangu," Baba akaniambia, "nichoree ile nyumba niione kabla giza halijaniingia."

Ungekataa?

Nikawa napanda Kinole kila nipatapo nafasi, kwa gari la ndizi hadi barabara inapokataa, halafu kwa miguu. Naangalia, nachora kwa penseli, narudi nimelowa chapachapa. Asubuhi napaka rangi. Baba anasogeza kigoda, anasogeza tena, pua karibu iguse ubao.

"Shikamoo, Baba. Vipi leo?"

"Marahaba. Siyo."

"Siyo nini?"

"Mgomba uko mbali na mlango. Na mlima umeukalisha kama mgonjwa."

Nausogeza mgomba. Kesho yake kosa ni paa. Keshokutwa, mdalasini uko wapi?

"Baba, mdalasini umekatwa! Wajomba wameezeka bati! Nimetoka kule juzi!"

"Wewe umeona ya juzi. Mimi nataka ya kwetu."

Jamani! Mzee yule ubishi alizaliwa nao. Na mbele ya wateja wangu ananiita "fundi wa vibao." Nilikasirika mpaka nikawa naamka nimenuna. Madukani sasa rangi zilijaa za kila namna, si kama zamani tulipobembeleza kopo moja, na bado sikupata kijani cha kumridhisha mtu mmoja.

Asubuhi moja uzalendo ukanishinda. Nikachukua rangi nyeupe ya vibao, nikafuta mgomba, mlima, paa, vyote. Ubao ukabaki mweupe pe. Haya, nikasema moyoni, leo atafute kosa.

Baba akatoka akipapasa ukuta. Siku hizo alikuwa anapapasa, nami nikidhani ni magoti. Akakaa, akauelekea ubao, nikajiandaa kwa ugomvi. Uso wake ukalegea kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu msiba.

"Sasa umepatia," akasema. "Na mama yako umemweka mlangoni."

Mama sikuwahi kumchora. Nikamtazama Baba machoni, nikapunga mkono mbele yake, hakupepesa. Hasira yote ikaniishia. Nilitaka kulia kwa sauti, nikauma mdomo, maana yeye alikuwa anatabasamu.

"Usiiguse tena," akasema.

"Siigusi, Baba," nikamjibu, nikaenda kumletea chai.