Mlango Usiojulikana Mgeni Wake

Mtafiti wa maabara ya Kahororo hupiga hodi kabla ya kufungua friji yenye vipande vya ubongo wa panya, kana kwamba ni nyumba ya watu. Celina, anayemwoshea vyombo vya maabara, ameshazoea sauti yake ya kunong'ona na vidole vyake vya baridi. Juu ya seli za ubongo mtafiti huyo kagundua kipokezi kipya, mlango mdogo ambao hakuna ajuaye kinachoufungua. Leo mchana, kabla hajadondosha dawa yoyote, seli ziliwaka kijani zenyewe, ishara kwamba mlango umefunguliwa. Hakushangilia. Aliweka kahawa ya kutafuna kando ya hadubini, kama anavyokaribishwa mgeni Uhayani.

"Celina, umesikia hodi?"

"Hapana, Dokta."

Celina alikuwa ameisikia. Ilitoka ndani ya friji.