Pijo ya Mama Ekiru

Wenzangu mliokulia Isiolo wakati lami inaishia mjini, mnakumbuka gari kupita lilivyokuwa tukio? Leo ukisimama barabarani utahesabu magari mpaka uchoke. Sisi tulihesabu vumbi.

Aba, baba yetu, alikuwa mnunuzi wa mbuzi, na kila Jumamosi alitupakia mimi na kaka yangu Guyo nyuma ya Landirova yake yenye kikohozi, tukatoka mtaani kwetu Wabera kwenda kununua mbuzi Ngaremara. Mchezo wetu ulikuwa mmoja: wa kwanza kuona gari na kulitaja jina, ni lake. Mwenye mengi anarudi amekaa mbele karibu na Aba, akipungia watu mkono kama disii, mkuu wa wilaya. Anayeshindwa anarudi nyuma na mbuzi. Na mbuzi wale, jamani, walikuwa wakikojoa!

Jumamosi moja niliapa kwamba Guyo ndiye atakayerudi na mbuzi. Kwenye kizuizi cha polisi nikadaka Bedford ya mahindi. Yeye akadaka Foksi kuukuu, mlango umefungwa kwa kamba. Mbele kidogo nikaona vumbi zito, nikapiga kelele, "Lori!" Wakatoka mbuni wanne, mbio! Guyo alicheka mpaka akashikwa na kwikwi.

Tukaikaribia Ngaremara tukiwa sare. Ndipo nikaona, kando ya boma, Pijo isiyo na magurudumu, nyasi zimeota kwenye boneti.

"Pijo! Yangu!"

"Hiyo imekufa," Guyo akapinga. "Maiti haihesabiwi!"

Tulizozana hadi Aba akasimama atuamue. Kabla hajasema neno, mlango wa Pijo ukafunguka, wakaruka vitoto vya mbuzi, na nyuma yao akatoka bibi wa Kiturkana, shanga hadi kidevuni. Huyo ndiye Mama Ekiru.

"Nani anasema hii gari ni yake?" akauliza. "Hii ni yangu. Mbuzi zangu zinalala hapa. Wewe msichana, utazipeleka wapi?"

Aba alikuwa ameshika tumbo kwa kicheko.

"Pole, mama. Hawa watoto wangu ni wezi wa magari."

"Ukirudi Isiolo unibebe, nitawasamehe. Lakini mimi nakaa mbele."

Na kweli akakaa mbele. Mimi na Guyo tulirudi tumebanwa na mbuzi, tukimsikia akimwonyesha Aba kila gari: "Hiyo yangu! Na hiyo!" Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Sijawahi kushindwa kwa raha namna ile.

Majuzi niliwapakia kwenye gari langu wajukuu watatu, ambao huniita Akoo, tukapita njia ileile, sasa ni lami tupu. Wote walikimbilia nyuma, kila mtu na simu yake. Lori kuukuu likatokea, Bedford kabisa, nikapaza sauti, "Yangu!"

"Yako aje, Akoo?" mmoja akauliza, macho kwenye simu.

Nilimkumbuka Guyo, nikatamani awepo anibishie. Kiti cha mbele, ambacho sisi tungetoana macho kwa ajili yake, kilikuwa kimekaliwa na mkoba wangu.